Sura ya Sita: Aliyekosewa Hajaulizwa

Dabani iko kilomita chache kutoka mji wa Busia, upande wa Uganda. Wageni huijua kwa parokia yake ya Kikatoliki, hospitali ya misheni na shule ya wasichana. Vijana wa hapa wana jambo lingine wanalolijua vizuri zaidi, nalo ni mpira. Zikifika likizo, timu za vijiji hupangwa katika makundi, watu huchanga, na mshindi huondoka na mbuzi au dume la ng'ombe. Wachezaji hutoka Masafu na Lumino, hutoka Tororo, na hutoka ng'ambo ya mpaka, Matayos, Nambale na Funyula upande wa Kenya. Mtu wa kabila la Wasamia aliyezaliwa Uganda humkuta binamu yake kwenye timu pinzani, mwenye kitambulisho cha Kenya. Serikali hizi mbili zilizindua kituo cha pamoja cha forodha mjini Busia mwaka 2018 ili malori na abiria wapite upesi. Mpira ulikuwa umeshavuka zamani.

Mashindano haya yana raha yake, na yana siku zake mbaya. Beki anampiga mwenzake kiwiko. Mshambuliaji anamkunja refa shati. Kamati inakaa pembeni ya uwanja, kijana anaambiwa amefungiwa mechi tatu, anasema "samahani, wazee," na watu wanatawanyika. Jumapili inayofuata yuko ng'ambo, amevaa jezi nyingine, kwa kuwa upande ule hakuna aliyepelekewa habari zake. Naye aliyepigwa kiwiko amekaa nyumbani, mdomo umevimba, na tangu siku ile hakuna kiongozi aliyemwuliza neno.

Katika mpira kosa, kuomba radhi na kufungiwa hufuatana kama desturi, iwe ni kwenye uwanja wa kijiji au kwenye Kombe la Dunia. Sura hii inapinga desturi hiyo mahali pamoja. Kufungiwa humweka mchezaji nje kwa muda, na radhi humrudishia jina lake mbele ya watu. Lakini tabia haibadiliki kwa kalenda wala kwa barua. Hubadilika mtu anapomkabili yule aliyemkosea, akasikia alichomfanyia, kisha akapewa kazi ya kutengeneza alichoharibu. Ushahidi nitautoa Dar es Salaam, Brazili na Uingereza. Dawa yake, kwa bahati njema, ipo tayari katika sheria zinazotumika hapa hapa Dabani.

Chamazi, Septemba 2015

Kesi iliyojadiliwa sana Afrika Mashariki katika jambo hili ni ya beki Juma Nyoso. Septemba 27, 2015, Mbeya City walikuwa wageni wa Azam FC kwenye uwanja wa Chamazi, Dar es Salaam. Azam walishinda 2-1, lakini matokeo hayo yalisahaulika haraka. Kilichobaki ni picha. Ilimwonyesha Nyoso akimshika makalio nahodha wa Azam, mshambuliaji John Bocco, kwa namna ya kumdhalilisha. Picha ilisambaa Tanzania nzima, kisha ikavuka mipaka, na vyombo vya habari vya nje navyo vikaiandika.

Shirikisho la soka la Tanzania, TFF, halikuchelewa. Siku chache baadaye Nyoso alifungiwa miaka miwili na kutozwa faini ya shilingi milioni 2. Ukali huo ulikuwa na sababu. Mwanzoni mwa mwaka huo huo, Januari, Mbeya City walipoifunga Simba 2-1 jijini Dar es Salaam, Nyoso alimfanyia kitendo kama hicho mshambuliaji wa Simba, Elias Maguli, akafungiwa mechi nane. Mechi nane zikaisha, akarudi, akarudia.

Wahenga walisema kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Kwa msemo huo hukumu ya pili ilistahili kuwa nzito, nami siitetei tabia ile hata kidogo. Mabeki wa shule ya zamani huziita mbinu za namna hii "ujanja wa uwanjani": humfinya mshambuliaji, humtukana mama yake, humshika pasipostahili, ili apandwe na hasira, apoteze mchezo au apewe kadi. Huo ni udhalilishaji wa mwili wa mtu, na jezi haiufanyi kuwa halali.

Tuitazame sasa hukumu yenyewe. Ilikuwa na vitu viwili, muda na fedha. Muda ulipotea kwa Nyoso, fedha zikaingia kwa shirikisho. Bocco hakupata chochote ndani yake. Picha ya kudhalilishwa kwake iliendelea kuzunguka kwenye simu za watu, wengi wakiicheka, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa na la kuonea aibu. Aliendelea na kazi yake, akaendelea kufunga mabao, baadaye akawa nahodha wa Simba. Heshima hiyo aliijenga kwa miguu yake mwenyewe. Adhabu ya mwenzake haikumrudishia.

Na Nyoso? Kifungo kilipoisha mwaka 2017 alijiunga na Kagera Sugar. Januari 22, 2018, Kagera Sugar walicheza na Simba kwenye uwanja wa Kaitaba, Bukoba, wakafungwa 2-0. Baada ya mechi Nyoso alishikiliwa na polisi kwa madai ya kumpiga shabiki. Miaka miwili nje ya uwanja ni sehemu kubwa ya maisha ya mchezaji yeyote. Kama kukaa nje kungekuwa dawa, dozi ile ingetosha. Kwa mechi nane alinyimwa mpira, kwa miaka miwili alinyimwa tena, na katika hukumu zote mbili sioni mahali alipotakiwa kukaa uso kwa uso na Maguli au Bocco, wala kazi ambayo ingemlazimisha kuuona uwanja kwa macho ya mtu mwingine.

Radhi za Luis Suárez

Ulimwengu una mfano wake mkubwa, na vijana wa Busia wanaoangalia mpira kwenye vibanda vya video wanamjua kwa jina na kwa meno. Luis Suárez wa Uruguay aling'ata wachezaji watatu ndani ya miaka minne. Wa kwanza alikuwa Otman Bakkal wa PSV, Novemba 2010, Suárez akiwa Ajax; akafungiwa mechi 7. Wa pili Branislav Ivanović wa Chelsea, Aprili 2013, Suárez akiwa Liverpool, mechi 10. Wa tatu Giorgio Chiellini wa Italia, Juni 24, 2014, mjini Natal, Brazili, kwenye Kombe la Dunia. Safari hii FIFA ilimfungia mechi 9 za kimataifa, ikamzuia kujihusisha na mpira wowote kwa miezi 4, na kumtoza faranga 100,000 za Uswisi.

Kila mara aliomba radhi, na hapo ndipo pa kujifunza. Kwa kosa la Natal, maelezo yake ya kwanza mbele ya kamati ya nidhamu yalikuwa ya kukana: alisema alipoteza mizani, akamwangukia Chiellini, uso wake ukagonga bega la mwenzake, meno yakamuuma. Hukumu ilitoka Juni 26. Radhi ilikuja Juni 30, siku nne baada ya adhabu kujulikana, huku mazungumzo ya kuhamia Barcelona yakiendelea. Uhamisho wake ulikubaliwa Julai. Hata katika radhi hiyo, maneno yalipangwa ili isemwe kwamba Chiellini alipata athari za kung'atwa katika mgongano wao. Aliyesoma upesi aliona msamaha. Aliyesoma taratibu aliona sentensi isiyo na mtendaji.

Chiellini alimjibu kwa ukarimu, akasema yamepita, na hata kabla ya hapo alikuwa ameshaiona adhabu kuwa kali mno. Moyo huo ni wake, na ni wa kusifiwa. Lakini ukarimu wa aliyekosewa haugeuzi radhi pungufu kuwa kamili. Suárez aliahidi hadharani kwamba hatang'ata tena, na ahadi hiyo ameitimiza. Hata hivyo Agosti 31, 2025, akiwa na umri wa miaka 38, baada ya Inter Miami kufungwa na Seattle Sounders kwenye fainali ya Leagues Cup, alimtemea mate mtu wa benchi la Seattle. Alifungiwa mechi 6 za mashindano hayo na 3 za ligi ya Marekani. Akaomba radhi tena. Meno yalikuwa yametulia, hasira ikabaki palepale.

Kwa hiyo msomaji akisikia mchezaji ameomba radhi, aulize mambo manne. Je, ametaja kosa kwa jina lake? Je, amemtaja aliyemkosea, au amewaomba radhi "mashabiki wote" ambao hakuwagusa? Je, ameomba kabla ya kujua adhabu, au baada? Na je, amesema atafanya nini ili kutengeneza? Radhi nyingi za wanasoka hushindwa maswali matatu kati ya hayo. Huandikwa na mtu wa ofisi, huwekwa mtandaoni usiku, na hulenga wadhamini.

Mtu ambaye hakuomba radhi

Mfano wa kinyume ni Éric Cantona. Januari 25, 1995, Manchester United wakicheza na Crystal Palace kwenye uwanja wa Selhurst Park, London, Cantona alipewa kadi nyekundu. Akiwa anatoka, shabiki mmoja wa Palace alimtolea matusi. Mfaransa huyo aliruka uzio kwa teke la mguu ulionyooka, kisha akaongeza ngumi. Shirikisho la soka la Uingereza lilimfungia hadi mwisho wa Septemba, miezi 8, na faini ya pauni 10,000. Mahakama ilimhukumu wiki 2 jela; alipokata rufaa, kifungo kikabadilishwa kuwa saa 120 za kazi ya jamii.

Kazi hiyo ilikuwa kuwafundisha watoto mpira. Kwa wiki kadhaa nyota wa klabu kubwa kuliko zote Uingereza alisimama mbele ya makundi ya watoto wa eneo la Manchester, akiwaonyesha kutuliza mpira, kupiga pasi na kupokezana zamu. Oktoba 1, 1995 alirudi uwanjani dhidi ya Liverpool, akafunga kwa penalti. Mei 1996 alivaa kitambaa cha unahodha kwenye fainali ya Kombe la FA, akafunga bao pekee, na United wakabeba ligi na kombe kwa msimu mmoja. Alistaafu mwaka 1997, na katika miaka hiyo hakumvamia shabiki tena.

Cantona hakuomba radhi. Miaka mingi baadaye bado alikuwa akisema hajutii teke lile, na kwa hilo mimi siwezi kumsifu, maana aliyepigwa ni mtu, hata kama mdomo wake ulikuwa mchafu. Tena saa 120 si muujiza. Alikuwa na kocha, Alex Ferguson, aliyemsafiria hadi Ufaransa kumsihi arudi, na alikuwa na wachezaji waliomheshimu. Hata hivyo ukilinganisha kesi hizi, tofauti iko wazi. Mmoja aliomba radhi mara nyingi bila kupewa kazi. Mwingine alipewa muda mrefu bila kazi. Wa tatu alipewa kazi bila radhi, naye akarudi akaongoza wenzake. Hebu fikiria mchezaji ambaye angepewa vyote pamoja: muda wa kukaa nje, radhi ya kweli mbele ya aliyemkosea, na kazi.

Si kila kinachoitwa utovu wa nidhamu ni kosa

Kabla ya kwenda kwenye dawa, kuna onyo. Neno nidhamu lina nguvu kubwa mdomoni mwa viongozi, na mara nyingine hulitumia kumnyamazisha mchezaji ambaye hajamkosea mtu yeyote.

Watu wa mpaka huu wanaikumbuka Oktoba 8, 2011, siku Uganda ilipocheza na Kenya kwenye uwanja wa Namboole, Kampala. Mashabiki wa Kenya walipita Busia na Malaba kwa mabasi. Uganda ilihitaji ushindi ili kurudi kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1978, mwaka ilipofika fainali na kufungwa na Ghana. Siku chache kabla ya mechi, kiungo David Obua, aliyekuwa akicheza Hearts ya Scotland, aliondolewa kambini kwa utovu wa nidhamu. Iliripotiwa kwamba hakujumuika na wenzake walipokutana na Rais Yoweri Museveni. Obua alikuwa mtoto wa nyumba ya mpira. Baba yake, Denis Obua, aliichezea timu ya taifa, Cranes, na baadaye akawa rais wa FUFA, shirikisho la soka la Uganda. Mechi ikaisha 0-0, Angola ikafuzu, na Obua akatangaza kuachana na timu ya taifa. Mtu anaweza kusema alikosa adabu kwa mkubwa. Lakini adhabu iliyofuata iliwaumiza mamilioni ya Waganda waliokuwa wakimhitaji uwanjani, na mlango wa kupatana ukafungwa kwa siku chache tu.

Julai 2019, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Misri, wachezaji wa Cranes waligoma kufanya mazoezi wakidai malipo yao, siku tatu kabla ya mechi ya hatua ya 16 bora na Senegal. Wapo waliowaita wasaliti. Mgogoro ulimalizika kwa makubaliano, yakiwemo malipo ya ziada ya dola 6,000 kwa kila mchezaji, na timu ikacheza kiume: ilifungwa 1-0 na bao la Sadio Mané, huku Denis Onyango akipangua penalti ya Mané huyo huyo. Kule Kameruni, mwaka 2011, Samuel Eto'o alifungiwa mechi 15 kwa kuongoza mgomo kuhusu posho. Baadaye adhabu ilipunguzwa. Katika mambo haya kulikuwa na mwajiri, mfanyakazi na deni. Kuyaweka kapu moja na kiwiko au kung'ata ni kuwaonea wachezaji.

Kipimo changu ni kile kile: nani aliumizwa? Kama kuna mwili uliopigwa, heshima iliyovunjwa au mchezo uliouzwa, hapo pana kosa. Kama kilichoguswa ni majivuno ya kiongozi peke yake, hapo panahitajika mazungumzo.

Mchezo uliouzwa nao haukai kundi moja na hasira ya dakika moja. Mwaka 2020 FIFA iliwaadhibu wachezaji wanne wa Kakamega Homeboyz, klabu iliyo mwendo wa saa chache tu kutoka Busia, kwa kupanga matokeo ya mechi za ligi ya Kenya: Mganda mmoja alifungiwa maisha, na watatu wengine miaka minne kila mmoja. Hasira hupanda ghafla na huweza kutibiwa. Kupanga matokeo hufanywa kwa akili iliyotulia, kwa simu na fedha, na aliyeibiwa ni kila aliyelipa kiingilio. Hapo kifungo kirefu ni ulinzi wa mchezo wenyewe, na sioni njia ya kukwepa.

Sheria iliyo karibu na uwanja

Rudi sasa Dabani. Uganda ina Sheria ya Mahakama za Mabaraza ya Mitaa ya mwaka 2006, inayozipa nguvu mahakama za LC kuanzia ngazi ya kijiji. Ukiangalia amri ambazo mahakama hiyo inaweza kutoa katika mashauri inayoruhusiwa kuyasikiliza, utakuta upatanisho, fidia, kurudisha kilichochukuliwa, onyo, na kuomba radhi. Ndiyo: mahakama ya kijiji nchini Uganda ina mamlaka ya kisheria ya kuamuru mtu aombe radhi. Kwa wanaovunja sheria ndogo za eneo lao, inaweza pia kuamuru kazi ya jamii. Nchi hii ilikuwa tayari imepitisha Sheria ya Kazi ya Jamii mwaka 2000, inayowaruhusu mahakimu kuwapa wenye makosa madogo kazi badala ya jela. Kenya ilipitisha ya kwake mwaka 1998, na Katiba yake ya 2010 inazitaka mahakama kukuza upatanisho na njia za jadi za kumaliza migogoro.

Kwa hiyo upande wa kushoto wa mpaka na upande wa kulia, dola zote mbili zimeshakubali jambo ambalo mpira bado unalikwepa: kwamba kumweka mtu pembeni hakutoshi, na kwamba mwenye kukosewa ana nafasi katika hukumu. Mzee yeyote aliyewahi kukaa kwenye baraza la kusuluhisha ugomvi wa mipaka ya shamba au mbuzi aliyekula mahindi anajua utaratibu. Aliyekosewa husema kwanza. Mkosaji husikiliza mpaka mwisho, bila kumkatiza. Kisha hutamka alichofanya kwa mdomo wake, si kwa mdomo wa mjomba. Kisha hujadiliwa atalipa nini, na nani atashuhudia kwamba amelipa. Ugomvi ukimalizwa hivyo, watu hao wawili wanaweza kuchota maji kwenye kisima kimoja kesho yake.

Linganisha na mpira. Kanuni za nidhamu za FIFA za mwaka 2019 zilisema mchezaji anayempiga mpinzani kiwiko, ngumi au teke, au anayemng'ata, afungiwe angalau mechi 3. Anayempiga refa, angalau mechi 15. Namba hizo zina maana, na zinamlinda kila mtu. Kanuni hizo pia ziliruhusu sehemu ya adhabu isitekelezwe mara moja, mkosaji akiwekwa chini ya uangalizi. Yaani mlango upo. Ni kamati zetu ambazo hazijautumia, zikaridhika kutaja namba na kufunga daftari.

Lazima niweke mpaka hapa. Mapatano ya baraza ni ya makosa ya mchezo na ugomvi mdogo. Kijana akimvunja mtu mfupa kwa makusudi, akimshambulia mwanamke aliyekuja kuangalia mechi, au kocha akimgusa mtoto kwa ubaya, mahali pake ni polisi na mahakamani. Hakuna mbuzi wa kumaliza jambo hilo chini ya mti, na kiongozi wa timu anayelificha ni mkosaji wa pili.

Kifanyike nini

Mapendekezo yangu hayahitaji bajeti ya shirikisho. Yanahitaji daftari, simu na watu watatu au wanne wasioogopa timu kubwa.

La kwanza, habari za kufungiwa zivuke mpaka kama wachezaji wanavyovuka. Kwa wachezaji waliosajiliwa, uhamisho kutoka nchi moja hadi nyingine hupitia mashirikisho na hati ya kimataifa, hivyo kifungo kinaweza kumfuata mtu. Mashindano ya vijiji hayana mfumo huo. Waandaaji wa Dabani, Masafu, Nambale na Funyula wakifungua kundi moja la WhatsApp na kukubaliana kwamba aliyefungiwa upande mmoja amefungiwa na upande wa pili, adhabu itapata maana. Leo kijana anajua kwamba kutoroka adhabu ni safari ya bodaboda moja.

La pili, kamati ianze na aliyekosewa. Kabla ya kumwita mkosaji, imwite aliyeumizwa, awe mchezaji, refa au shabiki, na imwulize alichofanyiwa na anachohitaji. Wengine watataka gharama za hospitali. Wengine watataka kusikia neno moja tu mbele ya wenzao. Asiyetaka kukutana na mkosaji asilazimishwe.

La tatu, radhi itolewe kwa mdomo, mbele ya aliyekosewa, kabla adhabu haijatangazwa. Ikitanguliwa na hukumu inakuwa biashara ya kupunguziwa. Mkosaji ataje kitendo chake. Kamati ikisikia "kama kuna mtu nilimkwaza," imrudishe akafikirie upya, kwa sababu mtu huyo yupo na ana jina.

La nne, kila kifungo kiambatane na kazi ya mpira. Aliyempiga refa awe refa wa mechi za watoto wa shule kwa muda wote wa kifungo chake, asimame katikati na filimbi, atukanwe na wazazi, aamue kona na penalti, aone ugumu wa kuwa sahihi ndani ya sekunde moja. Aliyemwumiza mwenzake afyeke uwanja, achore mistari, abebe mipira ya timu ya mwenzake mazoezini. Akiifanya kazi hiyo kwa uaminifu, kamati imwondolee sehemu ya kifungo. Akiikwepa, kifungo kiendelee chote.

La tano, timu isijifiche nyuma ya mchezaji. Nahodha na kocha wahudhurie kikao. Mara nyingi kijana aliyepiga kiwiko alifundishwa kupiga, na aliyemfundisha ameketi kimya kwenye benchi. Kocha anayesifia "ujanja wa uwanjani" mazoezini hana haki ya kushangaa Jumapili.

Najua jibu nitakalopewa: hii ni ligi ya mbuzi, Nyoso na Suárez walikuwa wa ligi kubwa, tusikuze mambo. Lakini wote hao walianza kwenye viwanja vya mtaani, wakiwa wadogo, na mara ya kwanza walipomfanyia mtu ubaya kulikuwa na mtu mzima karibu. Tabia inayoonekana kwenye runinga mtu akiwa na miaka 27 ilikuwa imeshazoeleka akiwa na miaka 14. Shirikisho humpata mchezaji akiwa amekomaa tayari. Kijiji humpata akiwa bado anasikia.

Kwa hiyo, wewe unayeandaa mashindano yajayo Dabani au popote mpakani: kabla ya kuchapisha ratiba na kununua mbuzi, andika kwenye ukurasa wa kwanza wa kanuni zako kwamba katika kila shauri la nidhamu aliyekosewa atasikilizwa kwanza, mkosaji atamwomba radhi ana kwa ana, na hakuna atakayerudi uwanjani kabla ya kumaliza kazi aliyopewa. Kisha uisimamie kanuni hiyo hata siku mkosaji atakapokuwa mfungaji wenu bora na mechi inayofuata ikiwa ni fainali.